Exaucée Anasema Nini?

Mangobo, Kisangani, Jumamosi 8 Juni 2024

Élie wangu, mume wangu,

Nimeandika neno hilo, mume wangu, mara nne kwenye karatasi ya kujaribia kabla ya kulileta hapa. Linapendeza! Nikiwa kwenye cherehani naona mwili mzima unacheka peke yake. Siku kumi na sita tu za ndoa, halafu jeshi likakuchukua na kompyuta zako, likakufungia msituni mahali pasiporuhusiwa simu. Bon. Mimi nitakuandikia kama mabibi wa zamani. Tonton Pierre, dereva wa lori la chakula, amekubali kuchukua barua zangu kila Jumamosi pale uwanja wa ndege wa Bangboka. Leo aliniona nimefika kabla ya lori lenyewe, akasema, "Eh, bibi arusi! Barua iko moja tu, ao umeleta gunia?"

Jirani yetu Falonne ananicheka. "Mume ameenda kazi, hajaenda mbinguni. Punguza, ma chère." Sipunguzi! Shati lako la bluu nimelivalisha mto wangu. Usimwambie mtu.

Habari kubwa: kitanda. Nimempata fundi seremala mzuri hapa Mangobo, na mbao ni ile nyekundu uliyoitaka. Godoro letu la kuazima litarudi kwa mama yako na hatutalala tena chini kama wasafiri. Kitanda kitakuwa tayari ukirudi. Nawe nieleze kazi yako. Mimi nimemaliza sekondari, kitengo cha ushonaji, si mjinga. Ni mashine gani hiyo inayopendwa na jeshi kuliko ninavyokupenda mimi?

Busu kwenye jicho la kushoto, lile linalokonyeza.

Mkeo, MKEO,
Exaucée Katungu


Kambini, 15 Juni 2024

Exaucée wangu,

Barua yako nimeisoma chini ya blanketi. Constant, fundi mwenzangu, akaniuliza kama nina homa.

Umeuliza kuhusu mashine. Askari hapa wanajifunza kupigana bila kuuana. Bunduki ni zao za kweli, lakini risasi ni baridi, kelele tupu, na kwenye mtutu tumefunga taa ndogo inayotoa mwanga usioonekana. Kila mtu anavaa fulana yenye vijicho. Ukifyatua, mwanga unatoka. Mwanga huo ukigusa kijicho cha mwenzako, fulana yake inalia na kompyuta yetu hemani inaandika kwamba amekufa. Jina lake linageuka kutoka kijani kuwa jekundu. Hapo anakaa chini kimya, taa ya bunduki yake inajizima, mpaka zoezi liishe. Halafu tunabonyeza, na wote wanafufuka. Raha, sivyo?

Sasa sehemu yangu. Meja Bonheur, mkubwa wetu, hataki programu mpya kwa kila kambi. Kwa hiyo ninaijenga vipande vipande: kimoja cha ramani, kimoja cha bunduki, kimoja cha kuamua nani amekufa. Ukihamia kambi nyingine, vipande ni vilevile, unabadilisha majina ya watu na vilima. Ni kama ile karatasi yako ya kukatia, patroni. Unaikata mara moja, unashona blauzi mia.

Tatizo langu ni uvivu wa askari. Programu ya zamani ina kitufe kwenye fulana, mtu akijiona amepigwa anakibonyeza mwenyewe. Basi jua likiwaka, nusu ya kikosi "inakufa" chini ya miti na kukoroma. Jana nimehesabu maiti kumi na saba, na watatu walikuwa wanacheza karata.

Panga kitanda karibu na dirisha.

Élie wako


Mangobo, 22 Juni 2024

Roho yangu,

Nimecheka mpaka sindano ikanichoma! Maiti wanaocheza karata! Lakini jamani, nyinyi wanaume wa kompyuta, jibu liko uwanjani kwa wasichana kila jioni.

Unakumbuka uliniona wapi mara ya kwanza? Kwenye mchezo wa nzango, nyuma ya parokia. Nilikuwa naruka, napiga makofi, natoa mguu, na wewe umesimama na baiskeli kama sanamu. Sasa sikiliza. Katika nzango, aliyeshindwa anatoka. Sisi tunasema amekufa. Ungeacha kila msichana ajiamulie, mchezo ungekwisha kwa kuvutana nywele. Kwa hiyo yuko mwamuzi, na mwamuzi peke yake ndiye anayesema. Hajapiga filimbi? Wewe mzima, endelea kuruka! Amepiga? Toka, hata ukibisha.

Na machozi usiyaamini. Mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wa kulia. Nikichoka najitupa chini, nashika kifundo cha mguu, "Mama ee, nimevunjika!" na machozi ya kweli kabisa. Mwamuzi wetu, Fanny, alikuwa anasimama juu yangu, mikono kiunoni: "Simama, chéri, mwamuzi hajapiga filimbi." Na mimi nasimama, mguu mzima!

Basi toa hicho kitufe. Mtu asijiamulie kufa. Mashine iwe Fanny.

Ona jinsi bibi yako alivyo na akili! Nilipwe kwa busu, na nahesabu kuanzia leo.

Exaucée wako wa nzango


Kambini, 6 Julai 2024

Malkia wa nzango,

Kaa chini kabla ya kusoma. Umekaa?

Nimefanya ulivyosema. Kitufe kimeondoka. Sasa ni mwanga peke yake unaoua, na ni kompyuta peke yake inayotangaza. Ukianguka bila kuguswa na mwanga, wewe ni mzima, na mwenzako haruhusiwi kuacha kazi yake kukutazama. Akiacha, kikosi chake kinapoteza. Siku ya kwanza tu wavivu wote waliinuka. Meja Bonheur alinipigia saluti, mimi, fundi! Na kile kipande cha kuamua nani hai na nani amekufa kilihitaji jina. Nimekiita Exaucée.

Sasa kambi nzima inakuimba. Mtu akianguka wenzake wanaita redioni, "Exaucée anasema nini?" Nasi hemani tunajibu, "Anasema uko hai!" au "Anasema umekwenda!" Nimewasomea yale maneno ya Fanny kwenye barua yako, sikujizuia. Wanayajua kwa moyo. Yuko mmoja tu anayekuchukia, Lionel, kijana wa Mangobo vilevile, kwa sababu unamuua kila siku kabla ya robo saa. "Bibi yako ananionea, fundi," ananiambia.

Constant alitaka tubakize kitufe kimoja cha mtu aliyeumia kweli. Nikamuuliza, na nani atatuambia kwamba ni kweli? Siku mbili tu na wote wangekuwa wameumia kweli. Meja naye alikataa.

Tarehe 24 ni zoezi kubwa, wageni watakuja kutazama. Meja anataka na mimi nivae fulana nitembee kati yao, nikague vijicho. Baada ya hapo, ruhusa! Jumamosi tarehe 27 nitashuka kwenye lori la Tonton Pierre pale Bangboka. Kitanda kiwe tayari.

Élie


Mangobo, 13 Julai 2024

Élie, Élie, Élie,

Nimeshindwa kukaa! Nimekimbia na barua yako mpaka kwa mama yako, mpaka kwa Falonne, mpaka kwa seremala. Jina langu ndani ya mashine ya jeshi! Falonne akasema, "Alors sasa huyu ndiye anaua watu." Nikamwambia, ndiyo, na pia ndiye anayewaacha hai, kwa hiyo nisalimie vizuri.

Wanaume wengine wanachora jina la bibi kwenye mkono. Wewe umeliweka mahali ambapo kila mtu anauliza kama yuko hai. Hakuna mwanamke katika Kisangani nzima anayependwa hivyo. Hayuko!

Kitanda kimekwisha. Kiko karibu na dirisha. Sijalala juu yake hata mara moja, naapa. Mimi bado niko chini kwenye godoro la mama yako, nakitazama. Nimeshona mashuka mawili na mito minne. Upepo wa mtoni unaingia pale vizuri. Siku ya 27 nitapika pondu ya majani machanga ya muhogo na samaki, na nitakuwa Bangboka tangu asubuhi na kitenge cha harusi.

Na hilo zoezi kubwa, sikia amri yangu: Exaucée amekukataza kufa. Kabisa. Ukianguka, nitakuambia simama, chéri, mwamuzi hajapiga filimbi.

Siku kumi na nne!

Mkeo mwenye wazimu


Kambini, 27 Julai 2024

Madame Exaucée,

Mimi ni Constant, fundi ninayefanya kazi na Élie. Samahani kwamba hakushuka leo. Zoezi halijafungwa kwenye kompyuta, na Meja ameamuru mtu yeyote asiondoke wala asiandike habari za tarehe 24 kabla uchunguzi haujaisha. Élie yuko hapa kambini. Kwenye orodha yetu jina lake ni la kijani.

Tonton Pierre analeta mfuko wa vitu vyake. Uuweke tu. Tafadhali usiufungue kwanza.

Constant


Mangobo, 3 Agosti 2024

Mume wangu mkorofi,

Nimekasirika dakika tano, kisha nikakusamehe. Nilisimama Bangboka na kitenge changu tangu saa moja asubuhi. Ndege mbili zimetua, lori likaja, wewe hapana. Tonton Pierre hakunitania hata neno moja. Alinipa mfuko, akatazama magurudumu yake, akasema, "Mama, Mungu iko." Nikamwambia, tonton, usinihurumie, nitamngoja hata mwaka! Najua kilichotokea. Wageni wameiona mashine, wameipenda, na sasa Meja hataki kukuachia. Ndivyo inavyokuwa kwa mwanamke aliyeolewa na mtu mwenye akili.

Huyo Constant wako anaandika kama mtu anayeumwa jino. "Usiufungue." Ati mwanamke mpya asifungue nguo za mume wake! Nimeufungua nikiwa bado kwenye moto-taksi. Na sasa niambie, ni nani anayekufulia huko? Anafua vibaya mno. Koti lako la kazi lina doa kubwa la kahawia mgongoni, kutu sijui, mtu amelisuuza kwa maji tu akaliacha. Nimelipiga kwa ndimu na sabuni ya mawese siku mbili. Limefifia, halijatoka.

Na tundu, chéri! Dogo, la mviringo, katikati ya doa. Umejiegemeza kwenye msumari? Nimelishona kwa mkono, uzi wa rangi ileile, hata wewe hutaliona. Nimeweka kiraka kwa ndani kisikukwaruze mgongo. Namrudishia Tonton Pierre leo, usije ukapata baridi ya asubuhi. Ndani ya mfuko wa kifua nimeweka kitu, utakiona ukilivaa.

Kitanda bado hakijaguswa.

Exaucée wako


Kambini, 10 Agosti 2024

Madame Exaucée,

Koti limefika. Nililikunjua hemani mbele ya watu, na nilipoona kiraka nilitoka nje. Nimekatazwa kuandika haya. Naandika.

Élie amekufa. Alikufa tarehe 24 Julai asubuhi, na tarehe 25 alizikwa hapa nyuma ya kambi, bila nyinyi. Nilikudanganya kwa maneno ya kweli, na naona hiyo ni mbaya zaidi.

Ilikuwa hivi. Lionel aliuawa na mashine dakika ya tano. Alikaa chini na bunduki yake iliyozimwa taa. Élie akapita karibu, anakagua fulana. Lionel akamwita, "Eh, Papa Exaucée! Bibi yako ameniua tena. Na wewe kufa kidogo!" Akafyatua, kwa mzaha. Jana yake walikuwa na shabaha ya risasi za kweli, na moja ilikuwa imebaki kwenye bunduki yake. Taa ilikuwa imezimwa kwa sababu yeye alihesabiwa maiti. Hapakuwa na mwanga wowote. Fulana ya Élie haikulia.

Alianguka kifudifudi kwenye majani. Lionel alidhani anamchezea. Mimi nilikuwa mbele ya kioo cha kompyuta. Sauti ya Élie ikaja redioni: "Constant, Exaucée anasema nini?"

Nilitazama. Jina lake lilikuwa la kijani. Nikasema, "Anasema uko hai. Simama, chéri, mwamuzi hajapiga filimbi." Hema lote lilicheka. Wageni walicheka, Meja aliwaeleza maneno hayo yametoka wapi, wakacheka tena.

Baadaye kidogo akauliza, polepole, "Ana hakika?"

Nikajibu, "Hakika kabisa."

Vikosi viwili vilipita karibu naye. Mmoja alimgusa kwa kiatu, akamwambia, "Lala tu, fundi, tutakushtaki kwa bibi." Hakuna aliyesimama, kwa sababu anayesimama anapotezea wenzake. Zoezi lilichukua dakika hamsini zaidi. Filimbi ilipopigwa wote waliinuka, pamoja na Lionel.

Kile ulichoweka mfukoni nimekirudisha humu. Sijakisoma.

Constant


Kambini, 17 Agosti 2024

Kwa Madame Paluku, Exaucée

Tunakupa pole kwa msiba wako. Uchunguzi umekamilika, nami nina wajibu wa kukujulisha matokeo yake.

Rekodi za mfumo zinaonyesha kwamba Paluku Élie alikuwa hai tangu mwanzo hadi mwisho wa zoezi la tarehe 24 Julai. Hakuguswa na bunduki yoyote. Askari anayesemekana kumpiga alikuwa amekwisha kufa tangu saa tatu na dakika tano, na bunduki yake ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo kifo cha mume wako hakiwezi kuandikwa kuwa kimetokea katika zoezi. Kitaandikwa kuwa cha ghafla, baada ya zoezi.

Najua haya ni magumu kwa mwanamke. Lakini ujue pia kwamba mashine ilifanya kazi bila kosa hata moja siku nzima, na wageni waliondoka wameridhika. Kipande alichokiita kwa jina lako kitapelekwa kambi nyingine tatu bila kubadilishwa hata mstari. Wachache wamepata heshima kama hiyo.

Meja Bonheur


Mangobo, 24 Agosti 2024

Meja,

Mimi ni mshonaji. Nakuandikia mambo mawili, na nimeyaandika mafupi.

La kwanza. Ondoeni jina langu kwenye mashine. Mume wangu aliniuliza kama yuko hai, mara mbili, nami nikamjibu uongo kwa mdomo wa Constant, kwa maneno niliyoyaandika mwenyewe nikicheka. Sitaki kujibu mtu mwingine.

La pili. Badilisheni sheria. Ilikuwa sheria ya wasichana wanaoruka nyuma ya parokia, na pale hakuna bunduki. Mimi ndiye niliyemwambia asiyaamini machozi. Nilikosea. Patroni ikikatwa vibaya bega, mimi sishoni nayo blauzi mia; naichana. Wekeni kitufe. Mtu akisema ameumia, mwenzake asimame amtazame. Hata kama anadanganya. Hata kama wote wanadanganya na wanacheza karata.

Constant alinirudishia nilichokuwa nimeweka mfukoni mwa koti. Kilikuwa karatasi ndogo. Niliandika: "Ukivaa hili, niko mgongoni mwako." Nakutumia wewe sasa, ibaki na rekodi zako.

Kitanda nimempa Falonne. Mimi nalala chini.

Exaucée Katungu


Kambini, 14 Septemba 2024

Kwa Madame Paluku, Exaucée

Tumepokea barua yako na tumeishughulikia kwa uzito wake.

Ombi lako la pili halikuwezekana. Kipande hicho kinafanya kazi vizuri, na kimekwisha kufungwa katika kambi zote tatu. Ukibadilisha kimoja itabidi ubadilishe vyote.

Ombi lako la kwanza tumelikubali. Jina lako limeondolewa kila mahali, na kwa heshima ya marehemu tumeweka lake. Nilikuwa kambi ya pili Jumatatu. Vijana wamelizoea upesi. Mtu akianguka, wanaulizana redioni, "Élie anasema nini?" Nimeona ungependa kusikia.

Meja Bonheur